Palizi ya Ijumaa ya Tatu

Bibi yangu hakuwa na kalenda ukutani, na saa aliyoachiwa na babu ilisimama kabla sijazaliwa. Yeye alihesabu kwa Ijumaa. Mpunga ukishapandikizwa, alisema, ziache Ijumaa mbili zipite ukiutazama tu. Ijumaa ya tatu ingia jarubani ukapalilie. Ukiingia mapema, mche haujashika ardhi, utang'oa mpunga pamoja na majani. Ukichelewa, majani yamekwisha kula sehemu ya mpunga, na hata ukiyatoa yote, mpunga hauinuki tena. "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," alimalizia kila mara. Methali hiyo nilikuwa nikiisikia tangu utotoni kwa kila jambo, kuanzia chai inayopoa hadi posa nilizozikataa, kwa hiyo nilikuwa nikiitikia bila kusikiliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpiga taipu katika ofisi moja mjini Kampala, nikiishi na bibi kwenye mteremko wa Kabalagala. Wahindi walikuwa wamekwisha fukuzwa, maduka yao yamegawiwa wengine, na kwenye rafu vilibaki viberiti na nyuzi za kushonea. Mchele ulipatikana kwa magendo tu. Bibi aliweza kuvumilia kukosa sukari, chumvi, hata sabuni, lakini si wali. Babu yake alitoka Pwani akiuza vitambaa, akalowea Mengo, nyuma ya Lubiri, jumba la Kabaka. Mama yake alizaliwa upande wa Tabora, kwenye mbuga za mpunga. Kwake yeye Idi bila wali ilikuwa siku ya kufua tu kama siku nyingine.

Basi akaamua kulima mpunga wake mwenyewe, na mimi nikaamuliwa pamoja naye.

Shamba tulilipata kwa jirani. Nyumba ya pili kutoka kwetu waliishi mke na mume, Waganda, wasio na watoto. Bwana alikuwa karani bandarini Port Bell, mtu wa maneno machache, aliyefunga suruali yake kwa vibanio ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Baba yake alimwachia kipande cha ardhi bondeni, kwenye ukingo wa kinamasi kinachotenga kilima chetu na kile cha Luzira, na kipande hicho kilikuwa na magimbi na mafunjo tu. Bibi alipomwendea kumwomba, alicheka kidogo, akasema ardhi ipo, ila yeye ana sharti moja: sahani ya kwanza ya wali iwe yake. Akaja mwenyewe Jumamosi tatu kufyeka mafunjo na kujenga kingo za majaruba.

Siku ya kupandikiza alisimama juu ya ukingo, suruali imekunjwa hadi magotini, akitupitishia mafungu ya miche kutoka kitaluni. Mkewe alikuwa upande mmoja wa kamba, mimi upande mwingine, bibi katikati akitufokea kwamba mistari yetu inakwenda kama mlevi. Mimi tope silipendi, silipendi hata leo, na nilisema hivyo. Yule bwana akaniambia kwa upole, "Wewe kula nyingi basi, ili ilipe." Ni maneno yake ya mwisho ninayoyakumbuka.

Ijumaa ya kwanza ilipita. Jumanne yake yule bwana aliondoka na baiskeli kwenda kazini na hakurudi. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo kando ya barabara ndiye aliyeirudisha ile baiskeli, akiisukuma. Alituambia, akiwa anatazama chini, kwamba gari lisilo na namba lilisimama, wanaume watatu wakashuka, wakazungumza naye bila kelele, akapanda. Kisha yule mama akaenda zake, kwa sababu hata kusema hayo kulikuwa kusema mengi.

Miaka ile kila mtu alijua maana ya gari lisilo na namba: ni la watu wa usalama, na aliyepanda humo harudi. Mkewe hakulia. Aliiosha baiskeli, akaiegemeza mahali pake pa siku zote, na jioni akapika, akapakua sahani mbili, moja akaifunika.

Hapa nieleze jambo moja, maana bila hilo hakuna kisa. Kwa Waganda, mtu akifa kijijini, hakuna anayegusa jembe mpaka azikwe. Hata kama mligombana, hata kama mvua imeshika na mbegu zinaoza kapuni, jembe linakaa ndani. Babu alipofariki, bonde zima liliweka majembe chini kwa ajili yake, Mswahili, na bibi hakulisahau hilo. Sasa yule karani hakuwa na maiti, hakuwa na kaburi, wala habari zake hazikuwapo. Ukilima, na kumbe amekufa, umemdharau. Usipolima, umemwambia mkewe kwamba mumewe ni marehemu, wakati yeye bado anamfunikia chakula. Na tena kumwomboleza mtu ambaye serikali haijasema amekufa lilikuwa kosa ambalo watu walifuatwa nalo nyumbani.

Wa kwanza kusita alikuwa mzee mwenye magimbi jirani na majaruba yetu. Tulimwona siku ya Alhamisi akishuka na jembe begani, akafika, akasimama, akarudi nalo. Kesho yake wawili wengine hawakuja kabisa. Wiki iliyofuata bonde likanyamaza, bila yeyote kumwambia mwenzake neno.

Nilikasirika, na nikiri kwamba hasira yangu haikuwa yote kwa ajili ya yule bwana. Niliukasirikia mpunga. Nilishuka Jumatano jioni kuangalia, nikakuta majani yamekwisha chomoza kila mahali kati ya mistari, ndago na lile jingine linalofanana na mpunga kama pacha. Yalikuwa na urefu wa kidole, ya kijani kibichi kuliko mpunga wenyewe. Nilifikiria zile siku za kuinama, mgongo wangu, kucha zangu ambazo bosi wangu alikuwa akizitazama wakati napiga taipu. Nikarudi kumwambia bibi kwamba keshokutwa ni Ijumaa ya tatu.

"Najua kuhesabu," alisema.

"Sasa tunafanyaje?"

"Nyamaza."

Akatoka uani kuwasha moto.

Alhamisi, baada ya magharibi, jirani yetu akaja. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini, na siku zote aliongea na bibi kwa Kiganda. Kiswahili alikiona ni lugha ya makambi ya askari, na alikuwa amewahi kuniambia hivyo bila kuficha. Siku hiyo alikaa mkekani, akakataa chai, akaanza kwa Kiswahili, ingawa Jjajja, yaani bibi, alilibakiza la Kiganda.

"Jjajja, kesho ni Ijumaa ya ngapi?"

"Ya tatu, mwanangu."

"Ulisema Ijumaa ya tatu tunaenda kwa shamba."

"Nilisema. Lakini mwanangu, watu..."

"Mimi naona watu. Watu naweka jembe chini. Nani imekufa? Bwana yangu iko. Kama mtu iko, watu nalima. Kesho tunaenda, Jjajja. Kama wewe hapana enda, mimi naenda peke yangu, na mimi hapana jua hiyo kazi, nitaharibu mpunga yako yote."

Bibi akasema, "Alfajiri basi. Uvae nguo usiyoipenda." Yule mama alipokwisha ondoka nilimuuliza bibi kwa nini hakuongea Kiganda. Akasema, "Anajizoeza. Anataka kwenda kumuulizia mumewe kwa askari wenyewe."

Asubuhi nilimtuma mtu ofisini aseme nina malaria, tukashuka watu watatu. Umande ulikuwa mzito, na ng'ambo ya kinamasi kilima cha Luzira kilionekana vizuri, na gereza juu yake, ambamo ilisemekana waliochukuliwa hufungwa. Jirani yetu aliingia majini wa kwanza. Hakungoja kuonyeshwa. Aliinama, akashika fungu, akang'oa kwa nguvu, akalitupa ukingoni. Ulikuwa mpunga.

Bibi aliliokota lile fungu, akalirudisha mwenyewe topeni, akalikandamiza kwa kidole gumba. Kisha akamshika mkono. "Usitazame jani, jani litakudanganya. Shuka nalo mpaka pale linapolikumbatia shina. Papasa. Mpunga una masikio hapo, madogo, yana manyoya. Hili jingine halina, ni laini tu. Lenye masikio liache. Lisilo na masikio litoe na mzizi wake wote."

Alipapasa shina moja, la pili, la tatu. Mimi bibi alikwisha nifundisha kazi hiyo kitaluni, lakini sikuwahi kumwona mtu akiifanya hivyo, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Kufikia saa tatu alikuwa hahitaji tena kutazama. Vidole vilikuwa vikienda vyenyewe chini ya maji, na macho yake yako ng'ambo, Luzira.

Ndipo yule mzee wa magimbi alipotokea, bila jembe, fimbo tu mkononi. Alisimama kwenye ukingo wake akatuona. Jirani yetu alinyoosha mgongo, akapiga goti mle mle majini kama desturi yao inavyotaka, akamwamkia kwa sauti ambayo bonde zima lingeisikia. Waganda wakiamkiana hawana haraka. Waliulizana umeamkaje, waliulizana kazi, wakashukuriana kwa kazi. Kisha mzee akafika pale ambapo kila maamkizi hufika. Aliuliza wa nyumbani hawajambo.

Bibi aliinama zaidi, akajifanya anatafuta gugu.

"Gyebali," alijibu jirani yetu. Ndilo jibu la kila siku, kwamba wapo. Alilisema kama ambavyo angelisema siku yoyote.

Mzee aliitikia, akaondoka. Baada ya muda tukasikia jembe lake. Kabla ya jua la saa sita majembe yalikuwa matatu, na kesho yake bonde lote lilikuwa likilima. Bibi aliniambia njiani, wakati tunapanda, kwamba hajui kama tumefanya vyema au vibaya, ila mpunga umepaliliwa kwa wakati. Nilitaka kumkumbatia yule mama na sikuthubutu. Nilimbebea tu jembe alilokuja nalo kurekebishia kingo.

Tulirudi mara ya pili Ijumaa ya sita, kabla mpunga haujabeba mimba, kama bibi alivyotaka, na hapo kazi ilikuwa nyepesi kwa kuwa ya kwanza ilifanywa kwa siku yake. Mavuno yalikuwa mazuri. Tulitwanga, tukapepeta, tukapika kwa jirani badala ya kwetu. Bibi alipakua sahani ya kwanza, jirani yetu akaifunika kwa jani la mgomba, akaiweka kando. Sisi tukala. Wali mpya ulinukia chumba kizima na mimi nilikula nyingi, kama nilivyoambiwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa msimu ule, na uliofuata, na mingine yote ya miaka mitano. Jirani yetu alinifanya nimfundishe Kiswahili jioni, kile cha kwenye vizuizi na malango. "Mimi nataka ile ya asikali," alisema nilipoanza kumsahihisha ngeli. Basi nikaacha ngeli, nikamfundisha kusema afande, naomba, nisaidie. Alikuwa akienda ng'ambo, gerezani Luzira, kila mwezi, amevaa gauni safi, na kila mara aliambiwa jina hilo halimo. Alirudi na kutuambia hawakutazama vizuri. Sisi tulisema ndiyo, pengine hawakutazama vizuri.

Na kila Ijumaa ya tatu alikuwa wa kwanza kuingia majini. Malaria yangu ilizoea kuja siku hiyo mara mbili kwa mwaka, na bosi wangu, ambaye hakuwa mjinga, akawa ananitania kwamba mbu wa Kabalagala wanajua tarehe. Mzee wa magimbi alikuwa akipita, akiuliza wa nyumbani, akijibiwa gyebali. Nadhani kila mtu bondeni aliyajua yaliyokuwa yakifanyika pale. Mke akipalilia shamba la mumewe kwa wakati, mume yupo. Nani angemwambia vinginevyo?

Kisha vita vikaja kutoka kusini. Miche ilikuwa kitaluni mizinga ilipoanza kusikika, na tulilala chini ya kitanda siku kadhaa tukila mihogo mikavu. Askari wa zamani wakakimbia, wapya wakaingia, wakizungumza Kiswahili kilichomfurahisha bibi kuliko ukombozi wenyewe. Gereza likafunguliwa. Watu walitoka na kutembea barabarani kuelekea mjini, wengine kwa miguu myembamba ambayo ilikuwa shida kuitazama.

Jirani yetu alisimama kando ya barabara siku tatu. Siku ya pili nilikwenda naye. Alikuwa na fulana na suruali ya mumewe ndani ya kikapu, zimepigwa pasi, pamoja na vibanio vipya vya baiskeli. Alimuuliza kila aliyepita. Walimsikiliza kwa adabu, wakatikisa kichwa. Mwanamume mmoja alisimama zaidi ya wengine, akamwambia alikuwa humo miaka minne na alijua majina ya wote, na hilo hakulisikia. Jirani yetu alimshukuru, akampa ile fulana.

Wiki iliyofuata tulipandikiza mpunga, tumechelewa kidogo, watu watatu kwenye kamba. Jirani yetu alifanya kazi vizuri, na mistari yake ilikuwa imenyooka. Nilidhani mambo yatakwenda kama yalivyokuwa. Nilitaka yaende hivyo. Ofisi ilikuwa imeporwa, sikuwa na kazi, na shamba lile ndilo lililobaki na mpangilio wowote katika maisha yangu.

Ijumaa ya tatu bibi aliamka kabla ya adhana. Tulichukua majembe ya kingo tukampitia jirani, maana siku zote alikuwa akitungoja mlangoni amevaa gauni lake kuukuu la kazi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, amefunga kitambaa kiunoni kama wafungavyo wanawake wa Kiganda kwenye msiba. Jembe lake lilikuwa ndani, limeegemezwa karibu na baiskeli.

Bibi alisimama. "Mwanangu, leo ni Ijumaa ya tatu."

"Najua, Jjajja," alisema. "Leo hapana lima."

Katika misimu yote hiyo bibi hakuwahi kuiacha Ijumaa ya tatu ipite. Alipalilia akiwa na homa, alipalilia mwaka ule mguu wake ulipovimba. Alilishusha jembe begani, akaliweka chini polepole lisitoe sauti, akavua viatu, akaketi mkekani karibu naye. Nami nikaketi. Tuliona kutoka pale bonde zima, na mzee wa magimbi akishuka njia yake na jembe. Alitutazama, watu watatu tumekaa asubuhi ya palizi. Hakuuliza wa nyumbani. Aliweka jembe chini pale pale alipokuwa, akapanda kuja kwetu. Hadi saa sita hakukuwa na sauti ya jembe hata moja bondeni. Hapo ndipo jirani yetu alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yetu, na bibi alimshika kichwa mpaka alipomaliza.

Ndugu za mumewe walikuja kutoka kijijini. Kwa kuwa hakukuwa na mwili, walikata shina la mgomba, wakalivika nguo ya gome la mti, wakalizika kando ya kaburi la baba yake. Sisi hatukurudi jarubani mpaka siku ya tisa baada ya ile Ijumaa. Majani yalikuwa yameupita mpunga. Tulipapasa shina kwa shina, tukayatoa yote, na bibi hakutaja methali yake.

Mpunga haukuinuka, kama alivyosema siku zote. Tulivuna kikapu kimoja, ambacho misimu mingine tungempa mtu wa kutusaidia. Tuliupika wote kwa mara moja nyumbani kwa jirani. Bibi alipakua sahani ya kwanza, akanyoosha mkono kutafuta jani la mgomba la kuifunikia. Jirani yetu aliichukua kutoka mkononi mwake, akakaa nayo, akaila mwenyewe mpaka punje ya mwisho.